Kaburi la Sketi ya Shule

Nyuma ya boma la Mzee Mashimba, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, kuna kaburi ambalo ndani yake hamna mtu. Ilizikwa humo sketi ya shule ya bluu iliyopauka, pamoja na kipande cha godoro. Mwenye sketi yu hai mpaka leo. Anafundisha sekondari, anapenda chai ya tangawizi, na mwanafunzi akichelewa darasani humfokea mpaka akaloa jasho. Watu wa mjini wameifanya habari yake kuwa kichekesho cha gengeni. Wacheke tu, maana hawakuzikwa wao.

Jina lake Nyanjige, binti wa Mzee Mashimba. Mwaka 1992 alipata ufadhili wa kusoma India, katika chuo kimoja cha mji wa Pune, akawa msichana wa kwanza wa kijiji chao kupanda ndege. Mama yake, Kabula, alimsindikiza mpaka stendi ya Bariadi, akasimama pale mpaka vumbi la basi likatulia, ndipo akageuza baiskeli iliyombeba. Hakulia. Alisema machozi ya stendi humfuata msafiri, akayabana.

Huko Pune, miezi sita ya kwanza, Nyanjige hakutamka zaidi ya "ndiyo" na "asante". Kila akisema huziba mdomo kwa kiganja. Akikutana na mhadhiri ukumbini anapiga goti kumwamkia, katikati ya msongamano, na wanafunzi wenzake wanampita kulia na kushoto wakijiuliza amedondosha nini. Usiku alikuwa akijisemea maneno ya Kisukuma chini ya shuka ili kinywa kisije kikasahau.

Klabu ya michezo ya kuigiza alijiunga kwa ajili ya sambusa. Tusimpambe. Siku ya Jumatano walikuwa wanagawa sambusa na chai yenye maziwa, na chakula cha bwenini kilikuwa na pilipili ya kumtoa mtu roho. Akaingia, akala, akaona haya kuondoka bila kufanya kazi, akapewa pasi anyooshe nguo za waigizaji. Wiki iliyofuata akavuta pazia. Ya tatu, mwenyekiti wa klabu, msichana mfupi aitwaye Sunanda, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akamshika mkono ulioziba mdomo akaushusha.

"Hapa ndani tunaona meno ya watu," akamwambia.

Na kweli, mle ndani Nyanjige akafunguka. Sunanda alimfundisha kutoa sauti mpaka kiti cha mwisho ukumbini, kumtazama mtu bila kuinamisha macho, kukosea mbele za watu kisha kuendelea bila kutoroka. Goti lile la salamu, lililokuwa likimtia aibu, wakaliweka kwenye igizo la kasri, watazamaji wakapiga makofi. Mwaka wa pili alikuwa katibu wa klabu. Ndiye aliyekwenda kubishana na ofisi ya chuo wapewe ukumbi, ndiye aliyepanga safari za kuigiza katika vyuo jirani, na wanafunzi wa kigeni walipotaka mtu wa kuwasemea mbele ya mkuu wa chuo walimchagua yeye. Alisema dakika ishirini nzima, bila karatasi. Usiku ule alicheka peke yake kitandani, akatamani mama yake angemwona.

Shida yote ilitoka kwenye tamaa hiyo, ya mtoto kutaka mama yake amwone.

Mwezi wa tatu mwaka 1994 waliigiza mchezo wa binti wa mfalme anayekufa kabla ya harusi yake. Nyanjige ndiye binti. Onyesho la mwisho alilazwa ndani ya jeneza la wazi, shuka jeupe mpaka kifuani, mashada ya maua ya njano shingoni, na wenzake saba wakamlilia kwa dakika kumi na moja. Alikuwa amejizoeza wiki tatu kupumua bila kifua kuinuka. Alifanya vizuri mno, bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka kwenda kumgusa mguu ahakikishe. Mpiga picha wa gazeti la mji akapiga picha, na Sunanda akamnunulia nakala kubwa ya rangi.

Wakati huo Khatibu, kijana wa Mwanza aliyekuwa amemaliza masomo, alikuwa anarudi Tanzania. Nyanjige alikusudia kuandika barua ndefu ya kueleza kila kitu, lakini mtihani ulimbana, na Khatibu alikuja kuaga teksi ikiwa inamngoja getini. Basi akageuza picha, akamwandikia mama yake haraka mgongoni: "Mayu, mtazame mwanao. Wote hawa wananililia mimi." Akaitia kwenye bahasha. Aliona atakuja kueleza baadaye.

Khatibu hakuwa na safari ya Bariadi. Alipofika Mwanza alimpa bahasha kondakta wa basi, aiache kwenye duka la Twaibu, muuza sukari na mafuta ya taa karibu na stendi, ambako watu wa kijiji cha kina Nyanjige walizoea kuchukulia mizigo yao. Kondakta naye akamwambia Twaibu, "Imeletwa na mtu aliyetoka India. Yeye mwenyewe hakutaka kufika."

Kila aliyesikia maneno hayo alianza kunusa msiba.

Mgeni wa kule huenda asielewe. Kwao, habari ya kifo haibwagwi mbele ya mtu kama gunia la pamba. Mwenye msiba huambiwa mgonjwa yupo, anaendelea vizuri, njoo nyumbani kuna jambo dogo. Mzee Mashimba mwenyewe, ndugu yake Thomasi alipofia Nyashimo, aliwatumia watoto wa marehemu ujumbe mara tatu kwamba baba yao ameanza kunywa uji. Huo ndio ustaarabu. Kwa hiyo bahasha ilipofunguliwa mbele ya Josia, karani wa chama cha msingi cha ushirika aliyekuwa msomaji wa barua za kijiji kizima, na ndani hamna barua bali picha ya Nyanjige amelala kwenye jeneza, macho yamefungwa, Wahindi wanalia, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Josia alisoma maneno ya mgongoni. Watu wakasema mwenzake mmoja ameandika kwa niaba yake, mwenye huruma, aliyeshindwa kutamka neno lenyewe.

Kabula aliishika picha kwa mikono miwili. Akauliza swali moja tu, kama hao waliomzunguka wanaonekana kumlilia kwa moyo. Wakamwambia ndiyo. Akaanguka.

Wakanyoa vichwa. Kijiji kikaacha kulima siku zilizopaswa. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, wakazika sketi yake ya shule na kipande cha godoro alilolalia, nyuma ya boma, kando ya ua wa minyaa. Wiki tatu baadaye ikaja barua yenyewe, ile ndefu, ya Nyanjige kueleza kwamba hajambo na masomo yanaendelea. Josia akaisoma kwa sauti nzito, na wanawake wakatikisa vichwa. Wale wenzake wa India wamelelewa vizuri, walisema, bado wanatuficha. Ile sehemu ya mchezo Josia aliisoma pia, lakini mchezo wa kulala kwenye jeneza na kuliliwa hakuna aliyewahi kuusikia, wakaona hapo mwandishi amezidisha huruma mpaka akapotea. Kila barua iliyofuata ikawa msumari mwingine.

Mzee Mashimba alimwambia Josia aandike jibu. Likafika Pune mwezi wa sita: "Kwa ninyi nyote mliomlilia mtoto wetu, tunawashukuru sana. Mama yake amefarijika kusikia mlimlilia kwa moyo." Nyanjige aliitafsiri barua hiyo mbele ya klabu. Wakapiga makofi, na Sunanda akaibandika ukutani.

Hiyo aliijutia kuliko yote. Hata leo akiikumbuka hujifunika uso.

Alirudi Julai 1995, ana shahada yake na kikombe cha mwigizaji bora. Bariadi ilikuwa imechangamka asiijue. Pamba sasa ilinunuliwa na kila mwenye mizani, malori ya watu binafsi yamejipanga mpaka kwenye barabara ya Maswa, na duka la Twaibu lilikuwa na sabuni za aina sita, redio za kaseti na vitenge vya Kongo. Twaibu alikuwa anapima sukari. Alipoinua macho kikombe kilimponyoka.

"Innalillahi," alisema. Halafu akajikaza. "Dada. Kaa kwanza. Kunywa chai."

"Kuna nini, kaka Twaibu?"

"Hapana, wote wazima. Nyumbani kuna jambo dogo tu. Nitakupeleka mwenyewe."

Nyanjige ni mtoto wa kule. Aliposikia "jambo dogo" akajua mama yake amekufa. Njia nzima, nyuma ya pikipiki ya Twaibu, alilia kwa sauti, akimwita mama yake kwa majina yake yote, na watu waliokuwa wakichuma pamba mashambani wakasimama kumtazama maiti anayepita akilia.

Mama alikuwa uani anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Nyanjige aliruka pikipiki haijasimama, akaanguka, akainuka. "Mayu!"

Kabula hakukimbia. Mzee Mashimba alikimbia, na kaka yake Nyanjige, Salu, akaruka ua wa minyaa, lakini Kabula aliweka ungo chini taratibu, akavuta kanga ikamfunika mtoto kichwa.

"Umerudi kuchukua nini?" akauliza. Aliuliza kwa upole, kama anavyoulizwa jirani aliyekuja kuazima moto.

Twaibu ndiye aliyewatuliza, aliyewashika mikono wanaume mmoja mmoja akawaleta wamguse. Mzee Mashimba alimpapasa mwanawe uso, mabega, vidole, akaketi chini akalia. Jioni hiyo wote isipokuwa Kabula waliamini, nusu kwa akili, nusu kwa kulazimishwa na macho yao. Kabula alipika, akampakulia chakula chake peke yake, akakiweka kizingitini. Ndivyo wanavyowekewa wahenga. Na mtoto aliyekuwa mgongoni, binti wa Salu aliyezaliwa miezi sita baada ya msiba, alikuwa anaitwa Nyanjige. Alipewa jina la shangazi yake marehemu.

Kukicha wakamwita Maduhu, mfumu, yaani mganga, wa kijiji cha pili, mzee mwepesi asiyependa maneno mengi. Akasema jambo linatengenezeka. Kaburi lifukuliwe, sketi ichomwe, msichana anyolewe na kuoshwa kwa dawa, aingizwe ndani kwa tundu litakalotobolewa ukuta wa nyuma kama anayezaliwa. Mama yake ampokee kwa mikono yake na kumwita jina lake mara tatu. Mtoto mdogo atafutiwe jina jingine.

Salu akachukua jembe. Walipofika nyuma ya boma walimkuta Kabula ameketi juu ya kaburi, miguu ameinyoosha.

"Hakuna atakayemfukua mwanangu," alisema.

"Mayu Kabula," Maduhu akamwambia, "humo mna nguo."

"Nilimlilia mwanangu hapa. Kila asubuhi nilimpalilia. Huyo mliyemleta nitampikia, nitamsalimia, nimeona ana sura yake. Msinilazimishe zaidi."

Alikaa pale mpaka saa tisa alasiri. Mzee Mashimba alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Maduhu akafunga mkoba wake akasema bila mikono ya mama hakuna kuzaliwa, akaenda zake.

Hapo Nyanjige akafanya kosa ambalo msomi tu ndiye angelifanya. Aliona mama haelewi kwa sababu hajaona. Kule India amejifunza kuwaonyesha watu jambo wakaamini, si ndiyo kazi yake? Akatandika ngozi ya ng'ombe uani, akamkalisha mama yake mbele, baba na kaka pembeni, akaeleza kwa furaha kabisa: ukumbi ulikuwa hivi, Sunanda alisimama pale, mimi nikalala hivi. Akalala. Akafumba macho. Akajivutia shuka kifuani, akatuliza pumzi kama alivyozoea, asionekane anapumua. Alitaka ahesabu mpaka sitini kisha aruke acheke, na mama acheke naye.

Alifika arobaini akasikia sauti ya mama yake inaanza kulia. Kilikuwa kile kilio cha msiba chenye maneno na mpangilio, kinachomwita marehemu kwa mema yake: aliyekuwa wa kwanza kuteka maji, aliyesoma kwa mwanga wa moto, aliyepanda ndege asirudi. Nyanjige alilala pale akisikiliza sifa zake. Anakiri mwenyewe kwamba kwa muda fulani hakutaka kuamka. Alipoketi, mama alikuwa anamtazama kwa macho mema, yaliyotulia, ya mtu aliyehakikishiwa.

"Nilijua," Kabula alisema. "Asante kwa kunionyesha."

Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena.

Akapata kazi ya ualimu Bariadi mjini, akapanga chumba karibu na soko. Shuleni anaitwa Mwalimu Mashimba, kwa jina la baba, na hilo lilimfaa kwa sababu halikumgombanisha na mtoto. Alianzisha klabu ya michezo ya kuigiza, maana ni kitu alichokijua na kilichomtengeneza, asingeweza kukitupa. Akawafundisha wasichana wa Kisukuma kushusha mikono midomoni. Wengine leo ni mawakili, mmoja ni diwani mwenye mdomo hasa. Lakini katika michezo ya Mwalimu Mashimba hakuna anayekufa. Wanafunzi humtania kwamba hata aliyeliwa na mamba hurudi mwishoni akiwa na bandeji. Yeye hucheka, na hakubali kubadilisha.

Kila Jumamosi alikwenda kijijini. "Mwadila, mayu," husalimia. "Mwadila," mama hujibu, bila kuongeza ng'wanone, mwanangu, kama anavyowaongezea watoto wote wa kijiji, hata wasio wake. Sahani kizingitini. Stori za mvua na ng'ombe. Halafu Kabula huchukua jembe dogo akazunguka nyuma kupalilia, na Nyanjige hukaa mbele akisikia jembe linavyokwangua udongo wake. Mwalimu mwenzake, Januarius, alipotaka kumwoa na kutuma washenga, Kabula alisema kwa adabu kwamba ng'ombe wa marehemu hawapokelewi. Mzee Mashimba alikuwa tayari kuwapokea kwa nguvu. Nyanjige akakataa. Januarius akahamia Maswa.

Kule kuhesabiwa marehemu kulimwingia polepole. Alianza kuamka na kuweka kiganja kifuani kuangalia kama kinapanda. Mtu akimpita njiani bila kumsalimia, moyo ulimlipuka. Mara moja, mvua ikinyesha, alijikuta nyuma ya boma ameshika turubai, anafunika kaburi lisilowe, akasimama hapo kwa hasira, asijue anamkasirikia nani. Alimpenda mama yake. Alimchukia pia, siku nyingine, kwa chuki ya mtoto aliyefungiwa nje. Angetoa shahada, kikombe na makofi yote ya Pune aitwe jina lake mara moja na mwanamke yule mmoja.

Mwaka 2004 Kabula akaugua tumbo, hospitali ikamrudisha nyumbani. Nyanjige aliomba ruhusa shuleni, akakaa naye siku nane, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Siku ya tisa, mchana, jua limejaa mlangoni, mgonjwa akafumbua macho akaita kwa sauti iliyo wazi kabisa:

"Nyanjige."

Wakaitika wawili. Mtoto wa Salu, sasa ana miaka tisa, alitoka jikoni mbio. Mwalimu alikuwa tayari amepiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtoka. "Naam, mayu. Nipo. Nipo hapa."

Kabula aliunyoosha mkono kwa mtoto, akamshika, akambariki kwa maneno machache. Kisha akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda. Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwona mwenyeji wake stendi.

"Sikukuita wewe," alisema. "Wewe najua utanipokea kule. Njia ikoje? Kuna giza?"

Mzee Mashimba alifungua mdomo kusema neno. Nyanjige akamzuia kwa mkono. Alijua bado ana nafasi ya kukataa, ya kusema mimi ni mzima, mayu, nishike, nina joto. Alijua pia kwamba akisema hivyo mama yake atakwenda peke yake, bila kuwa na mtu wa kumpokea.

Akafuta machozi. Akaketi wima, akamtazama bila kuinamisha macho.

"Hakuna giza, mayu," alisema. "Ni kweupe, kama asubuhi ya kuchuma pamba. Mimi nimesimama hapa mwanzoni. Umeniona?"

"Nimekuona, ng'wanone," mama yake akasema.

Nyanjige akamshika mkono mpaka alasiri, ulipopoa.